Mtu Hapimwi kwa Mkwaju Mmoja

Katikati ya mwaka 2019 timu mbili za kandanda kutoka ukanda wa madini ulio kusini mwa Ziwa Viktoria zilikutana katika mtoano. Mwadui, timu yenye asili yake katika machimbo ya almasi mkoani Shinyanga, ilikuwa ikitetea nafasi yake katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Geita Gold, timu ya mji wa dhahabu, ilikuwa ikiitaka nafasi hiyo. Baada ya michezo miwili, mmoja nyumbani na mmoja ugenini, Mwadui ilinusurika na Geita ikabaki daraja la chini. Mwaka uliofuata, 2020, Geita Gold iliufikia mtoano kwa mara nyingine, safari hii dhidi ya Mbeya City, nayo ikashindwa tena.

Katika kila kijiwe cha kahawa, kutoka Kahama hadi Geita mjini, yapo maneno yaliyokwisha kutayarishwa kwa ajili ya timu ya namna hiyo: haina moyo, hutetemeka siku ya siku, ni simba wa mazoezini. Maneno hayo hutumika vilevile kwa mchezaji mmoja mmoja. Mshambuliaji aliyefunga mabao msimu mzima, akikosa penalti katika mchezo wa mwisho, husemwa kwamba sasa amejulikana alivyo. Huaminika kwamba michezo ya kawaida humficha mtu, na kwamba mtoano humfunua.

Imani hiyo ina utamu wake, na kwa sehemu fulani ina ukweli. Lakini kama njia ya kupima uwezo wa mtu ina kasoro kubwa, nayo ni kasoro ya kisayansi: huamua jambo zito kwa ushahidi mdogo mno. Kasoro hiyo haina madhara makubwa inapobaki katika maongezi ya jioni. Huwa na madhara pale kocha, mwalimu au mteuzi wa timu anapoitumia kumwacha kijana ambaye pengine ndiye aliye bora kuliko wenzake.

MTOANO ULISEMA NINI?

Yafaa kwanza kutazama yaliyotokea baadaye. Mwaka 2021 Mwadui, mshindi wa mtoano wa 2019, ilishuka daraja. Mwaka huohuo Geita Gold ilipanda Ligi Kuu moja kwa moja, bila ya kupitia mtoano wowote. Katika msimu wake wa kwanza, yaani 2021/22, ilimaliza ikiwa ya nne, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, bao moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga. Mtu aliyeamini kwamba mitoano ile miwili ilikuwa imefunua udhaifu wa kudumu asingeweza kuyatabiri hayo hata kidogo.

Naam, timu si kitu kisichobadilika. Wachezaji huhama, makocha hubadilishwa, fedha huja na kuondoka. Lakini hiyo yenyewe ni sababu nyingine ya kutoivisha timu sifa ya woga kwa mchezo uliochezwa na watu ambao wengi wao wamekwisha kuondoka.

Mambo hayakuishia hapo. Mwishoni mwa msimu wa 2023/24 Geita Gold ilishuka daraja. Mwaka 2025 iliingia mtoano mwingine, safari hii dhidi ya jirani yake Stand United, timu ya mjini Shinyanga yenye makao yake katika Uwanja wa Kambarage. Stand ikasonga mbele na Geita ikatoka. Kisha Stand nayo ikashindwa na Fountain Gate, iliyokuwa ikitetea nafasi yake ya Ligi Kuu. Basi katika mitoano hii mitatu Geita Gold ilishindwa yote. Mtu wa kijiweni atauliza: je, hata sasa jambo hili si dhahiri?

Jibu hupatikana kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Tuchukue kwamba timu haina woga wowote wala ushujaa wowote wa pekee, na kwamba katika kila mtoano ina nafasi ya nusu kwa nusu. Uwezekano wa kushindwa mara tatu mfululizo ni nusu mara nusu mara nusu, yaani moja kwa nane. Maana yake ni kwamba zikichukuliwa timu nane zenye uwezo ulio sawa na wapinzani wao, na kila moja ikacheza mitoano mitatu, yatazamiwa kwamba moja kati yake itashindwa yote mitatu bila ya sababu nyingine isipokuwa bahati. Zaidi ya hayo, wapinzani wa 2019 na 2020 walikuwa ni timu za daraja la juu. Nafasi ya kushindwa ikikadiriwa kuwa sita kwa kumi katika mitoano hiyo miwili, na nusu katika ule wa tatu, uwezekano huo huongezeka na kukaribia moja kwa tano. Jambo linaloweza kutokea kwa bahati mara moja katika kila mara tano si ushahidi wa kutosha kumhukumia yeyote.

MIKWAJU MITANO

Mfano wa mpigaji penalti huonyesha kasoro hii waziwazi zaidi. Kumbukumbu za ligi kubwa za dunia zinaonyesha kwamba penalti zinazofungwa ni kama robo tatu ya zile zinazopigwa. Basi tuchukue wapigaji 100 walio na uwezo sawasawa, kila mmoja akiwa na nafasi ya robo tatu ya kufunga kila mkwaju, na kila mmoja apewe mikwaju mitano katika michezo mikubwa ya maisha yake. Hesabu ya uwezekano hutupa matokeo haya: karibu wapigaji 24 watafunga yote mitano, kama 39 watakosa mmoja, na karibu 37 watakosa miwili au zaidi.

Wale 24 wataitwa mashujaa wenye damu baridi, na picha zao zitabandikwa katika vinyozi. Wale 37 wataitwa waoga, na baadhi yao hawataitwa tena kikosini. Hata hivyo, kwa namna tulivyoianza hesabu yetu, hapakuwa na tofauti yoyote kati yao. Tofauti yote ilizaliwa na bahati, na watu ndio walioipa jina la tabia.

Mikwaju ingekuwa mingi, hukumu ingekuwa ya haki zaidi. Kwa mpigaji wa namna hiyo, kosa la kawaida la makadirio kwa mikwaju 5 ni kama asilimia 19. Kwa mikwaju 20 ni kama asilimia 10. Kwa mikwaju 80 ni kama asilimia 5. Kanuni yake ni rahisi kukumbukwa: ili kosa lipungue kwa nusu, sharti majaribio yaongezwe mara nne. Lakini ni wachezaji wachache mno duniani wanaopata kupiga penalti 80 katika michezo ya mtoano. Kwa hiyo sifa ya ushujaa au ya woga katika mitoano hutolewa, karibu siku zote, kabla ya ushahidi wake kukusanyika.

Kasoro hii hufanya kazi pande zote mbili, kwa sifa na kwa lawama. Mwaka 2003 Simba ya Dar es Salaam iliitoa Zamalek ya Misri, iliyokuwa bingwa mtetezi wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti mjini Cairo, mlinda mlango akiwa Juma Kaseja. Miaka 16 baadaye, Septemba 2019, Kaseja alikuwa tena langoni pale Taifa Stars ilipoishinda Burundi kwa penalti 3 kwa 0 mjini Dar es Salaam, katika kuwania kucheza Kombe la Dunia. Hapana shaka siku hizo mbili zilikuwa kubwa. Lakini jumla ya mikwaju yake ni michache, na baina yake ipo miaka mingi ya michezo ya ligi, krosi zilizodakwa, mabeki waliopangwa vizuri na makosa yaliyoepukwa mbele ya watazamaji wachache. Atakaye kujua Kaseja alikuwa mlinda mlango wa namna gani hana budi kuitazama miaka hiyo. Siku zile mbili peke yake hazitoshi kumwambia.

SOMO LA MACHIMBO

Wakazi wa Shinyanga na Geita wanayo sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili, kwa maana ardhi yao imekwisha kuwafundisha. Mwamba wa almasi wa Mwadui, uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, una eneo la kama hekta 146, nao ni miongoni mwa miamba mikubwa ya aina yake iliyopata kuchimbwa duniani. Mwaka 1947 lilipatikana humo jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5, yaani karibu gramu 11, ambalo alipewa Elizabeth wa Uingereza, wakati huo akiwa bado binti wa mfalme. Mtu aliyeliona jiwe hilo peke yake angedhani kwamba Mwadui kila beleshi huinua hazina. Ukweli ni kwamba udongo wa huko hutoa karati chache tu katika kila tani 100. Na mtu aliyechukua debe moja la udongo, akaliosha na kukosa kitu, angedhani kwamba hapana almasi kabisa. Wote wawili wangekosea, na kwa sababu moja: sampuli yao ilikuwa ndogo.

Dhahabu ya Geita ina tabia hiyohiyo. Haikuenea ndani ya mwamba kama chumvi ndani ya mchuzi. Imetawanyika kwa punje, hapa nyingi, pale hakuna. Punje moja kubwa ikiingia katika sampuli ndogo, maabara itatoa jibu la utajiri usiokuwapo. Ikikosekana, jibu litakuwa la umaskini usiokuwapo. Ndiyo maana wataalamu wa miamba hufanya uchorongaji wa mashimo mengi kwa mpangilio maalumu, wakachukua sampuli nyingi na kupima nyingine mara mbili, kabla ya kuthubutu kusema tani moja ina gramu ngapi. Wachimbaji wadogo nao, ambao wengi hawakusomea takwimu, hujua kwamba karai moja lenye kung'aa si sababu ya kutosha ya kuuza ng'ombe na kununua duara.

Ni ajabu basi kwamba mtu huyohuyo, asiyekubali kuliamulia jiwe kwa sampuli moja, jioni huwa radhi kumwamulia kijana wa watu kwa mkwaju mmoja.

JE, SHINIKIZO SI KITU?

Haifai kulipuuza hoja la upande wa pili. Shinikizo lipo, na limechunguzwa. Mtaalamu wa Norway, Geir Jordet, pamoja na wenzake, walizichunguza penalti za kuamua mshindi katika mashindano makubwa ya kimataifa. Waliona kwamba pale ambapo kufunga kulileta ushindi papo hapo, wapigaji walifunga zaidi ya mara tisa katika kila kumi. Lakini pale ambapo kukosa kulimaanisha kushindwa papo hapo, walifunga kama mara sita tu katika kila kumi. Mpira ni uleule, na umbali ni uleule wa mita 11. Kilichobadilika ni mzigo uliomo kifuani mwa mpigaji.

Uchunguzi huo, hata hivyo, hauwaungi mkono wale wanaotoa hukumu za haraka. Kwanza, ulitegemea mikwaju mingi ya watu wengi, si mkwaju mmoja wa mtu mmoja. Pili, unaonyesha kwamba shinikizo huwapunguza nguvu wanadamu kwa jumla. Kusema kwamba fulani hupungua kuliko wenzake ni dai jingine, nalo lahitaji ushahidi wake lenyewe. Tatu, kama hali ya mkwaju hubadilisha matokeo kwa kiasi hicho, basi si haki kumlinganisha aliyepiga mkwaju wa kwanza, wakati mambo bado ni shwari, na yule aliyepiga wa tano akiwa amebeba hatima ya wenzake wote. Mara nyingi mkwaju mgumu hupewa mchezaji bora. Kwa hiyo mchezaji bora ndiye anayejiweka karibu zaidi na lawama.

Kisa cha Roberto Baggio wa Italia kinalieleza hilo. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1994 alifunga mabao matano, na yote yalikuwa katika hatua ya mtoano: mawili dhidi ya Nigeria, moja dhidi ya Uhispania, mawili dhidi ya Bulgaria. Katika fainali dhidi ya Brazil alikosa penalti ya mwisho, baada ya wenzake wawili kuwa wamekwisha kukosa zao. Ulimwengu ulichagua kuukumbuka mkwaju huo. Mabao matano ya shinikizo, ambayo ndiyo yaliyoifikisha Italia fainali, yakawekwa kando.

Marekani nako ubishi huu ni mkali katika kandanda ya Kimarekani, ambamo mchezaji aitwaye kwotabeki huupokea mpira mwanzoni mwa shambulizi na kuamua urushwe wapi. Kwa miaka mingi Peyton Manning alisemwa kuwa hodari wa michezo ya kawaida na dhaifu wa mitoano. Alipostaafu mwaka 2016 alikuwa ameshinda mitoano 14 na kushindwa 13, na alikuwa ametwaa ubingwa mara mbili. Ubingwa wake wa pili ulikuja katika msimu ambao yeye mwenyewe alicheza vibaya: katika michezo ya kawaida ya msimu huo pasi zake 17 zilinaswa na wapinzani, na 9 tu ndizo zilizozaa alama kamili. Ulinzi wa timu yake ndio uliombeba. Ikiwa kombe ndilo kipimo cha moyo wa mtu mmoja, basi moyo wa Manning uliongezeka mwaka ule mkono wake ulipochoka. Hapana anayeweza kuliamini jambo hilo.

Kwa hiyo yapasa kutenga mambo mawili ambayo hukorogwa pamoja. Matokeo ya mtoano ni halali: sheria za mchezo zimesema atakayeshinda apite, na Mwadui ilistahili kubaki mwaka 2019 kama Stand ilivyostahili kusonga mbele mwaka 2025. Lakini matokeo ni habari ya kilichotokea. Uwezo wa mtu ni makadirio ya kile anachoweza kukifanya tena na tena, na makadirio hayo hayawezi kutolewa na siku moja, hata ikiwa kubwa namna gani.

WAJIBU WA SHULE

Jambo hili linagusa shule moja kwa moja. Kila mwaka mashindano ya UMISSETA hukusanya vijana ambao pengine hawajapata kucheza mbele ya umati. Mteuzi huwaona kwa siku chache, na mara nyingi huwaandika wale waliong'ara katika mchezo mmoja na kuwafuta wale walioteleza katika mchezo mmoja. Kijana wa Kishapu, wa Msalala au wa Nyang'hwale aliyesafiri kutwa nzima, akakosa penalti moja na kurudishwa nyumbani, hana mahali pa kukata rufani. Taifa nalo halitajua lilichokipoteza, kwa sababu mchezaji aliyeachwa haonekani tena ili hukumu ile ipimwe kama ilikuwa sahihi.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Mwalimu wa michezo na mwalimu wa hisabati wanaweza kushirikiana kufungua daftari moja la timu ya shule. Humo kiandikwe kila mkwaju wa penalti, wa mazoezini na wa mchezoni: nani alipiga, mabao yalikuwa mangapi kwa mangapi, dakika ya ngapi, alifunga au alikosa. Ziandikwe pia pasi zilizofika, mipira iliyonyang'anywa na nafasi zilizotengenezwa. Baada ya mihula kadhaa daftari hilo litasema kweli kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote, kwa sababu kumbukumbu huhifadhi kilichouma na kilichofurahisha, na kuyaacha mengine yote.

Darasani, wanafunzi wanaweza kujionea wenyewe jinsi bahati inavyojivika sura ya tabia. Kila mmoja arushe sarafu mbili kwa pamoja, mara tano. Sarafu zote mbili zikionyesha kichwa, aandike kwamba amekosa. Vinginevyo aandike kwamba amefunga. Katika darasa la wanafunzi 40 yatazamiwa kwamba tisa au kumi watafunga yote, na kama 15 watakosa mara mbili au zaidi. Ndipo mwalimu aulize ni nani kati yao mwenye moyo wa simba na ni nani mwoga. Watacheka, kwa maana sarafu hazina moyo. Kisha warudie zoezi hilo, na wataona mashujaa wa kwanza wakipungua na waoga wa kwanza wakiinuka, kila kundi likirudi kwenye wastani bila ya kufundishwa wala kukemewa.

Somo hilo litawafaa hata wale ambao hawatacheza mpira maishani mwao. Mkulima anayeijaribu mbegu mpya kwa msimu mmoja, mganga anayeisifu dawa kwa mgonjwa mmoja aliyepona, mwalimu anayemkatia tamaa mwanafunzi kwa jaribio moja, wote wamo katika kijiwe kilekile. Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha ujuzi juu ya mtu hujazwa kwa namna hiyohiyo, punje kwa punje, msimu kwa msimu. Na timu za Shinyanga na Geita zitakapokutana tena katika mtoano, mashabiki wana haki ya kushangilia na kulia kwa kadiri wapendavyo. Asubuhi yake, kabla ya kulifuta jina la kijana yeyote, aliye na kalamu mkononi alifungue kwanza daftari.